Kijani cha Lambo na Maji ya Mchangani

Mvua za Novemba na Desemba zinapokoma katika Kitui na Makueni, kila lambo, ambalo kwa Kikamba huitwa silanga, huwa limejaa maji mekundu ya udongo. Baada ya wiki chache udongo huzama na maji huanza kung'aa. Kisha huja jua kali la Januari na Februari. Maji hupungua, hupata joto, na pole pole hugeuka rangi yakawa kijani. Mahali pengine kijani hicho huwa kama nyuzi za pamba zilizolowana; mahali pengine huwa kama rangi ya kupakia milango iliyomwagwa juu ya maji. Ng'ombe huja wakanywa, punda huja wakanywa, na akina mama huja na mitungi yao, wakapangua utando kwa kata ili wapate kuteka maji yaliyo chini yake.

Watu wengi huudhania utando huo kuwa uchafu tu, au dalili ya maji kuoza. Sivyo. Ni viumbe hai, vinavyokula, kuzaana na kufa, na vina desturi zao kama mimea ya shambani ilivyo na desturi zake. Baadhi yake vina faida kubwa kwa mkulima, na baadhi yake vina sumu iwezayo kumwangusha fahali. Yafaa basi kila mwenye kunywesha mifugo, kufuga samaki au kuteka maji lamboni ajue kitu hiki ni nini, na kwa nini hupenda maji ya aina moja na kuyakimbia maji ya aina nyingine.

MIMEA ISIYO NA MIZIZI

Watu wa Pwani wanaujua mwani wa bahari, ule ambao wanawake wa Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, huufunga kwenye kamba na kuulima katika maji mafupi, kisha huuanika na kuuuza. Kijani cha lambo ni ndugu wa mbali wa mwani huo, akaaye katika maji baridi. Hauna mzizi, wala shina, wala jani. Aghalabu kila mmoja ni mdogo hata hauonekani pasipo hadubini, na tone moja la maji ya kijani laweza kuchukua maelfu yake.

Kama yalivyo mahindi, mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wahitaji vitu vitatu: mwanga, joto, na mbolea, hasa naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo hizo hizo mkulima anazozinunua dukani katika mifuko ya mbolea ya chumvichumvi. Lambo lina vyote vitatu. Maji yake ni mafupi, kwa hiyo mwanga hupenya mbali. Joto la nchi kavu halihitaji kuelezwa. Na mbolea huletwa na watu wenyewe: mvua huosha udongo wa juu kutoka mashamba yasiyo na matuta na kuutupa lamboni, na ng'ombe huingia majini mpaka tumboni, na humo huacha samadi na mkojo. Samadi ambayo ingalistawisha mahindi shambani huenda ikastawisha mwani.

Liko jambo jingine lisilotambuliwa upesi. Katika sehemu kavu za Kitui na Makueni jua huweza kuinua hewani karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka katika maji yaliyo wazi, nayo ni mengi kuliko mvua inayonyesha. Lakini mvuke hauchukui mbolea wala chumvi. Maji huenda, mbolea hubaki. Hivyo kila wiki ipitayo maji yaliyobaki huwa machache zaidi na mazito zaidi, kama mchuzi uliosahauliwa motoni. Ndiyo sababu kijani huwa kibaya zaidi katika miezi ile ile ambayo watu na mifugo hawana maji mengine ya kukimbilia.

FAIDA YAKE KATIKA MPUNGA

Kabla ya kuulaani mwani, na mkulima atazame ng'ambo ya mto Tana, katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Mashamba hayo yalianza kuchimbwa mwaka 1954 kwa kazi ya mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, na hupata maji yake kutoka mito ya Thiba na Nyamindi. Mchele wa pishori unaouzwa katika maduka mengi ya Ukambani hutoka huko. Shamba la mpunga lililofurika ni kama lambo lisilo na kina, na majuma ya kwanza baada ya miche kupandikizwa maji yake huwa ya kijani vile vile.

Kwa muda mrefu wataalamu walistaajabu kuona kwamba katika nchi za Asia mpunga ulilimwa mahali pamoja miaka na miaka bila mbolea nyingi, na udongo haukuchoka kama unavyochoka udongo wa mahindi. Mwaka 1939 mtaalamu mmoja wa Bara Hindi, P. K. De, alionyesha sababu moja kubwa. Katika maji ya mpunga mna aina ya mwani yenye rangi ya kijani kinachoelekea samawati. Siku hizi wataalamu huuhesabu katika jamii ya bakteria, lakini jina la mwani limebaki vinywani mwa watu. Hewa ina naitrojeni nyingi, sehemu 78 katika kila sehemu 100, ila mpunga hauwezi kuila ikiwa hewani. Baadhi ya mwani huu wa samawati, kama ule uitwao anabena, huweza kuishika naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula. Unapokufa na kuoza, chakula hicho huingia katika tope, na mpunga hukila. Hukadiriwa kwamba shamba zuri huweza kupata hivi kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta katika msimu mmoja.

Jambo hili si geni kwa mkulima wa Makueni. Anajua ya kuwa mahali palipovunwa ndengu na kunde, mtama au mahindi ya msimu ufuatao huota vizuri zaidi. Vijidudu vilivyomo katika vinundu vya mizizi ya ndengu hufanya kazi ile ile inayofanywa na anabena majini. Katika nchi za China na Vietnam wakulima wametumia tangu zamani mmea mdogo uelea-o juu ya maji uitwao azola, ambao huuhifadhi mwani huo ndani ya majani yake. Huuotesha katika shamba la mpunga, kisha huulima chini uwe mbolea.

Lakini hata katika mpunga mwani una hila yake. Mchana unapojitengenezea chakula, huinyonya hewa ya ukaa iliyomo majini, na maji hubadilika yakawa makali kama yaliyotiwa magadi. Mkulima akimwaga mbolea ya urea juu ya maji ya namna hiyo wakati wa jua, sehemu kubwa ya naitrojeni hugeuka kuwa amonia na kupaa hewani. Fedha zake zimekwenda na upepo. Kwa hiyo mwenye busara hutoa maji kwanza, hutia mbolea katika tope, kisha hurudisha maji.

La mwisho la kukumbuka katika habari ya mpunga ni hili: mpunga ukikua na majani yake yakakutana, kivuli hufunika maji, na mwani hudhoofika wenyewe. Hakuna aliyeung'oa, umekosa jua tu. Jambo hilo dogo lina maana kubwa kwa maji ya kunywa, kama itakavyoonekana mbele.

SAMAKI NA HATARI YA ALFAJIRI

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuamsha uchumi, na vidimbwi vya samaki vikachimbwa sehemu nyingi za nchi, hata mahali ambapo watu hawakuwa na desturi ya kufuga samaki. Mfugaji wa ngege huhitaji maji ya kijani, maana mwani ni chakula cha samaki huyo, na pia ni chakula cha wadudu wadogo anaowala. Kwa sababu hiyo samadi kidogo hutiwa kidimbwini makusudi.

Kipimo chake ni rahisi. Mfugaji hutumbukiza mkono wake majini polepole mpaka kiwiko. Ikiwa bado anaviona vidole vyake waziwazi, mwani haujatosha. Ikiwa kiganja kinatoweka kabla maji hayajafika karibu na kiwiko, mwani umezidi, na asiongeze samadi wala chakula.

Kuzidi huko huua kwa njia isiyodhaniwa. Mchana mwani hutoa oksijeni, na maji hujaa pumzi. Usiku hautoi kitu. Nao pia huvuta pumzi, sawasawa na samaki. Ukiwa mwingi mno, huimaliza oksijeni yote kabla ya mapambazuko. Mfugaji aliyelala akiwa na samaki wazima huamka akawaona juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Na jua likichelewa kwa sababu ya mawingu, huwaokota wamekufa. Watu husema kidimbwi kimetiwa sumu na mtu mwenye husuda, kumbe aliyewaua ni wingi wa mbolea. Dawa yake ni kuacha mbolea na chakula mara moja na kuongeza maji mapya asubuhi hiyo hiyo.

AINA YENYE SUMU

Sumu ya kweli iko vile vile, nayo hutokana na baadhi ya mwani wa samawati. Mwaka 1878 George Francis aliandika katika jarida la Nature habari za ziwa Alexandrina katika Australia ya Kusini, ambako kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walikufa baada ya kunywa maji yenye utando mzito wa kijani. Tangu hapo mambo kama hayo yameonekana katika nchi nyingi. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru, Brazil, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walikufa kwa sababu maji ya mashine yalitoka katika bwawa lenye mwani huo. Mwaka 2020 ndovu zaidi ya 300 walikufa katika Botswana, na Serikali ya huko ikasema chanzo ni sumu ya mwani katika malambo ya mbugani. Katika Kenya, ghuba ya ziwa Victoria iliyo karibu na Kisumu hupatwa mara kwa mara na utando wa jamii hii.

Sumu ijulikanayo zaidi huitwa maikrosistini, nayo hushambulia ini. Mwaka 1998 Shirika la Afya la Ulimwengu liliweka kiasi cha juu cha aina yake iliyo mashuhuri katika maji ya kunywa kuwa sehemu moja ya milioni ya gramu katika lita moja. Ziko sumu nyingine zinazoshika mishipa ya fahamu. Mnyama hutetemeka, hukosa pumzi na kuanguka karibu na maji aliyoyanywa.

Si kila kijani ni sumu, wala macho hayatoshi kuthibitisha. Hata hivyo ziko alama mbili za kumwongoza mwenye mifugo. Achukue ufito auzamishe katika utando na kuuinua. Ukitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo aghalabu ni mwani wa kawaida. Ukitoka umepakwa kama uliochovywa katika rangi, na ashuku ule wa samawati. Tena ajaze maji katika chupa nyeupe, bila kuijaza mpaka mdomoni, aiache mahali pasipo kutikiswa mpaka kesho yake. Kijani kikizama chini, hofu ni ndogo. Kikipanda chote juu na kufanya mduara, hofu ni kubwa, maana mwani wa samawati una vibofu vidogo vya hewa vinavyouinua. Baada ya kuushika huo anawe mikono.

Tena aangalie upepo. Utando huu huelea, na upepo huusukuma ukakusanyika ukingo mmoja wa lambo. Asubuhi ng'ombe wa jirani hunywa upande mmoja wakarudi salama. Jioni ng'ombe wa mwingine hunywa upande wa pili wakaumwa. Lambo ni moja, siku ni moja. Mambo ya namna hii yameweza kuleta ugomvi wa bure baina ya watu wa kijiji kimoja.

Ziko dawa mbili ambazo watu hukimbilia, nazo si dawa. Ya kwanza ni kuchemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni desturi njema. Lakini maikrosistini haivunjwi na moto wa jikoni. Ya pili ni kutia mrututu katika lambo. Mrututu huua mwani kweli, lakini mwani ukifa ghafula hupasuka na kumwaga sumu yake yote majini kwa mara moja. Nao wenyewe huua samaki, na ni hatari kwa kondoo. Hata dawa ya klorini itiwayo katika mtungi hupungukiwa nguvu maji yakiwa ya kijani, kwa kuwa mwani huimaliza kabla haijawafikia vijidudu.

MAJI YALIYOFICHWA MCHANGANI

Hapo ndipo nchi ya Ukambani ina somo la kuufundisha ulimwengu. Mito yake mingi, kama Tiva, Nzeeu, Kaiti na Thwake, hujaa kwa siku chache wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Tangu kale watu wamekuwa wakichimba vishimo mchangani na kuteka maji safi. Katika miaka ya 1950 mpango wa Serikali ulioitwa ALDEV ulijenga malambo mengi na pia mabwawa ya mchanga. Mwaka 1978 kikundi cha Utooni, kilichoongozwa na Joshua Mukusya, kilianza kazi yake. Na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji limejenga mamia ya mabwawa hayo katika Kitui.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji uliojengwa juu ya mwamba, kukata mto wa msimu. Gharika huleta mchanga na udongo. Udongo mwepesi hupita juu ya ukuta, mchanga mzito hukaa. Misimu michache ikipita, nyuma ya ukuta huwa pamejaa mchanga, na kati ya chembe zake hukaa maji. Katika mchanga mnene, robo hadi theluthi ya nafasi yote huweza kuwa maji. Mgeni akipita huona mto mkavu, naye anatembea juu ya birika.

Ni kwa nini maji haya hayageuki kijani? Jibu ni lile la kivuli cha mpunga. Mchanga ni paa. Mwanga haupiti, na pasipo mwanga mwani hauwezi kuishi hata kama mbolea ipo. Jua nalo haliyafikii maji: yakishashuka chini ya uso wa mchanga kiasi cha mguu wa mtu mpaka gotini au zaidi, hayapotei hewani ila kidogo sana, na kwa hiyo hayawi mazito. Mbu naye hapati pa kutagia, wala konokono wa kichocho hapati pa kukaa. Tangi la paa lililofunikwa vizuri hufuata kanuni hiyo hiyo.

Maji ya mchangani si safi kwa kila hali. Kishimo kilichoachwa wazi, punda wakanywa na kunya kando yake, huleta ugonjwa kama maji mengine. Yafaa kisima kijengewe na kufunikwa, na mifugo wanyweshwe chini ya ukuta, mbali na pa kutekea watu.

YAFAAYO KUTENDWA

Wenye malambo wasikate tamaa, maana si kila kijiji kina mto wa mchanga, na lambo lililotunzwa hudumu safi kwa muda mrefu zaidi. Kwanza, lizungushiwe boma la miti au miiba, na maji yatolewe kwa bomba mpaka hori lililo nje, ili ng'ombe wasiingie majini. Pili, mashamba ya juu yachimbwe matuta, na njia ya maji iachwe na nyasi, ili udongo na samadi vibaki huko. Tatu, lambo lichimbwe kina kirefu badala ya kutanuliwa, na tope lake liondolewe linapokauka. Tope hilo ni mbolea njema shambani. Nne, utando mzito ukionekana, mifugo wahamishwe mara moja, na maji yasitumiwe kwa kunywa wala kupikia. Mnyama akifa kando ya lambo, nyama yake isiliwe, na ofisa wa mifugo aitwe.

Na wenye mito ya mchanga waulinde mchanga wao. Magari yauchukuayo kwenda kujengea nyumba za mijini huacha mwamba mtupu na madimbwi ya maji wazi, ambayo katika majuma machache huwa ya kijani na makao ya mbu. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga kwa sababu ya hasara hiyo. Lakini sheria huhitaji macho ya wanavijiji. Mtu auzaye mchanga wa mto hupokea fedha za siku moja, na aliye chini yake mtoni, ambaye hakuuza kitu, hubaki na dimbwi. Baraza la kijiji na liulize swali hilo kabla gari la kwanza halijashuka mtoni, wala si baada ya visima kukauka.